OptiPlex ya wati 275 itaibeba RX 580?

Swali: Habari za kazi, kaka fundi. Mimi nahariri video za harusi na send-off hapa Morogoro. Nina Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ndefu ya kusimama, prosesa Core i7-3770, RAM GB 16, SSD moja na diski moja ya kawaida. Nimepata kadi ya grafiki RX 580 ya GB 8 kwa bei ya kutupa. Tatizo, pawa saplai yangu imeandikwa wati 275 na haina plagi ya kadi. Muuzaji wa kadi anasema kuna waya wa kuunga kutoka plagi ya SATA, nisihangaike. Jirani yake ananiambia ninunue pawa saplai mpya ya wati 600 anayoiuza kwa bei ndogo sana. Nimsikilize nani?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwa kifupi, usimsikilize hata mmoja. Wa kwanza anakuuzia waya utakaoungua, na wa pili huenda anakuuzia kibandiko tu. RX 580 haikai kwenye pawa saplai uliyonayo, kwa adapta wala bila adapta. Ila mashine yako ina bahati ambayo mashine nyingi za ofisini za mtumba hazina, nitaieleza mbele kidogo.

Tupige hesabu kwanza. RX 580 ikiwa kazini inakula wati 185 kwa takwimu za AMD wenyewe. Prosesa yako Intel wameiwekea wati 77. Madabodi, RAM, SSD, diski na feni, weka wati 40 hadi 50. Jumla inafika kama 310. Pawa saplai inatoa 275. Hata mtu asiyejua umeme anaona hapo hakuna biashara.

Lakini tuseme pawa saplai yako ingekuwa ya wati 350. Je, ingetosha? Bado tusingeweza kujibu, na hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Hiyo namba kubwa ya wati ni jumla ya umeme wa aina zote unaotoka kwenye pawa saplai: volti 12, volti 5, volti 3.3 na vingine vidogo vidogo. Kadi ya grafiki na prosesa karibu zote zinakula kwenye volti 12. Kwa hiyo unachotakiwa kukijua ni volti 12 ina ampea ngapi. Namba kubwa iliyopambwa kwenye boksi haikwambii hilo.

Zima mashine, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu wa kasha, washa tochi ya simu. Pawa saplai ni lile boksi la chuma ambalo waya wa ukutani unaingia kwa nyuma. Ubavuni ina kibandiko, na kwenye kibandiko kuna jedwali dogo. Mstari wa juu utaona +3.3V, +5V, +12V, -12V na +5VSB. Chini ya kila moja kuna namba yenye herufi A, ndizo ampea. Chukua ampea za +12V, zidisha kwa 12, umepata wati ambazo kadi na prosesa zitagawana. Kama kibandiko kimegeukia ukuta wa kasha, fungua skrubu nne za nyuma uivute nje. Usikisie, na usikubali kusomewa kwa simu na mtu aliye dukani.

Kuna mtego kwenye jedwali hilo. Pawa saplai nyingi za Dell na HP zimegawa volti 12 kwenye njia mbili, +12VA na +12VB, au +12V1 na +12V2. Usizijumlishe. Tuseme moja ina ampea 17 na nyingine 14. Ukijumlisha unapata 31, yaani wati 372, kwenye pawa saplai ya wati 275! Haiwezekani. Kila njia ina kikomo chake, lakini zote kwa pamoja zina kikomo kingine cha chini zaidi, na mara nyingi kimeandikwa kwa maandishi madogo chini ya jedwali. Hiyo ndiyo namba yako. Usipoiona popote, chukua jumla ya pawa saplai nzima na upunguze angalau wati 40 za volti 5 na 3.3, halafu fanya hesabu kwa kilichobaki.

Sasa turudi kwa yule wa wati 600. Mwambie akuonyeshe kibandiko kabla hujatoa hela. Pawa saplai za bei hiyo mara nyingi utakuta +12V imeandikwa ampea 18, basi. Mara 12 ni wati 216. Nyingine zote za kufikia 600 zimepachikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina kazi nyingi nazo, au hazipo kabisa. Yaani hiyo ya "600" inaweza kuwa dhaifu kuliko hiyo 275 ya Dell unayotaka kuitoa. Watengenezaji wakubwa wa kompyuta za ofisini hawana tabia ya kudanganya kwenye wati, kwa sababu mashine zao zinauzwa kwa maelfu kwenye mabenki na serikalini. Zile zisizo na jina zinaandika wanachopenda.

Dalili nyingine iko kwenye waya. Ukiuangalia kwa karibu utaona maandishi yamepigwa kwenye ganda, kama 18AWG au 20AWG. Namba ikiwa ndogo, waya ni mnene. Waya za kupeleka umeme kwenye kadi ziwe 18, au 16. Ukikuta 20 au 22 kwenye pawa saplai inayojiita ya wati 600, mrudishie mwenye duka na umwambie asante. Ishike pia mkononi. Iliyo nyepesi kama boksi tupu haina vya kutosha ndani.

Sasa huo waya wa SATA, ambao ndio umenifanya nijibu kwa urefu hivi. Sloti ya PCIe kwenye madabodi, ile inayochomekwa kadi, inaruhusiwa kuipa kadi wati 75, na ndani ya hizo, volti 12 inachangia 66 tu. Plagi ya pini 6 inaongeza wati 75, ya pini 8 inaongeza 150. RX 580 nyingi zina plagi ya pini 8, chache zina 8 na 6. Kama kadi inakula 185 na sloti haiwezi kuzidi 75, basi 110 au zaidi lazima zipite kwenye plagi. Plagi ya SATA ilitengenezwa kulisha diski. Volti 12 yake inapita kwenye pini tatu nyembamba, kila moja ampea 1.5. Zote tatu ni ampea 4.5, wati 54. Wewe unataka kupitisha mara mbili ya hapo, siyo kwa sekunde mbili, bali kwa saa nzima unapotoa video ya harusi.

Matokeo yake mafundi wanayajua. Kwanza plastiki ya plagi inalainika na kugeuka kahawia kwenye kona ile ya pini za volti 12, upande wa waya wa njano. Unasikia harufu kama ya soketi iliyolegea. Pini zikishakuwa na masizi upinzani unapanda, joto linaongezeka, plastiki inayeyuka zaidi, mwisho pini mbili zinagusana na unapata shoti. Ukiwa na bahati pawa saplai inajizima. Ukikosa, inaondoka na diski iliyoungwa kwenye waya huohuo, pamoja na harusi za watu ambazo hujazikabidhi. Adapta ya kutoka Molex, zile plagi nene za pini nne za diski za zamani, ina nafuu kidogo kwa sababu pini zake ni nene, lakini haiongezi wati hata moja kwenye pawa saplai. Ukiona pawa saplai haina plagi ya kadi, chukulia kwamba aliyeitengeneza hakukusudia ibebe kadi kubwa.

Na maadam tuko kwenye plagi: pawa saplai mpya itakuja na plagi mbili za pini 8 zinazofanana kwa mbali, moja ya prosesa, nyingine ya kadi. Ya kadi kwa kawaida imegawanyika 6+2 na imeandikwa PCI-E. Ya prosesa imegawanyika 4+4 na imeandikwa CPU. Upande wa njano na upande wa mweusi vimegeuzwa kati ya hizo mbili, na maumbo ya pini yametofautishwa makusudi zisiingiliane. Ikigoma kuingia, usisukume. Hali kadhalika kwa pawa saplai zenye waya za kuchomoa: usichukue waya wa kampuni moja ukauchomeka kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama unaingia vizuri, maana upande wa pawa saplai kila mmoja ana mpangilio wake.

Bahati yako sasa. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile ya mnara, inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi na ya pini 4 kwa prosesa. Maana yake pawa saplai ya kawaida ya ATX ya dukani inaingia, kwa plagi na kwa skrubu. Ungekuwa umenunua ndugu zake waliofuata, 7020 au 9020, ungekuta madabodi ina plagi ya pini 8 ya Dell peke yao. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina pini 6 za HP. Hao wanahitaji adapta ya kutoka pini 24, na hiyo ni habari nyingine; inafanya kazi ikiwa imetengenezwa vizuri, kwa sababu kadi bado inalishwa moja kwa moja na waya wake. Ukitafuta habari za mashine yako kuwa mwangalifu pia, Dell wamelirudia jina la OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa. Maelezo ya hiyo hayakuhusu. Na kama msomaji mwingine ana 7010 ile ndogo ya kulala, asijipe matumaini kutokana na jibu hili: pawa saplai yake ni ya umbo tofauti, na kadi ya kawaida haisimami ndani yake.

Ukiamua kubaki na RX 580, tafuta pawa saplai ya wati 500 au 550. AMD wenyewe wanapendekeza 500. Utauliza, mbona hesabu yetu imefika 310 tu? Kwanza, kadi haili umeme kwa utulivu. Inaruka juu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha inashuka, na pawa saplai iliyobanwa inaona huo mruko kama hitilafu na kujizima. Pili, pawa saplai ikikaa miaka kwenye joto la Morogoro, kapasita zake zinachoka na uwezo unapungua. Tatu, wanaopendekeza hawajui wewe utanunua pawa saplai gani, kwa hiyo wanajiwekea nafasi. Kwenye kibandiko tafuta +12V ya ampea 38 kwenda juu, hapo una wati 456 za kweli za kugawa. Iwe na plagi yake ya 6+2 kwa kadi, bila adapta yoyote.

Alama ya 80 Plus ni nzuri lakini ielewe. Inasema ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinageuka kuwa umeme wa kompyuta badala ya kuwa joto. Haisemi pawa saplai ina nguvu kiasi gani. Pawa saplai ya wati 500 yenye alama hiyo inatoa wati 500 kwenye kompyuta, haitoi 400. Nimewasikia wauzaji wakiieleza kinyume.

Kitu kidogo lakini kimeua mashine nyingi: angalia nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwepo, iwe 230 kabla hujachomeka ukutani. Ikiwa imebaki 115, ukiwasha tu utasikia mlio na utaona moshi, na hakuna duka litakalokupa garantii. Mtumba uliotoka Marekani ndio wa kuuangalia zaidi kwa hilo.

Kabla hujalipa, pima urefu. Pawa saplai ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo 86, na kina cha kawaida ni 140. Zile ndefu za 160 au zaidi zinaweza kukubana kwenye nyaya. Kadi nayo pima: kutoka bati la nyuma hadi kizimba cha diski. RX 580 za feni mbili nyingi ni ndefu, na kwenye kasha la 7010 diski ndiyo huwa inazuia.

Sasa nikwambie ninachofikiri hasa. Mimi kwa kazi yako nisingenunua hiyo RX 580. Nyingi zilizoko sokoni zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana kabla hazijafika huku, feni zimechoka na grisi ya kupitisha joto imekauka. Pia kuna toleo linaitwa RX 580 2048SP lililotoka kwa ajili ya soko la China, ambalo kwa kweli ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Kwa bei ya kutupa, kuna uwezekano ndiyo hiyo. Muulize muuzaji akuonyeshe kwenye programu ya GPU-Z: RX 580 halisi inaonyesha 2304 kwenye sehemu ya Shaders.

Njia ya pili ni kuacha pawa saplai ya Dell ilivyo na kununua kadi isiyo na plagi kabisa, inayoridhika na wati 75 za sloti. GTX 1050 Ti ni wati 75. GTX 1650 ni wati 75, lakini geuza kadi uangalie juu yake, maana kampuni nyingine zimeitoa na plagi ya pini 6. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ni wati 70. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo ni 130 na ina plagi. Piga hesabu: 77 na 75 na 50 ni kama wati 200. Pawa saplai ya 275 inaibeba ikiwa bado nzima, ingawa ina zaidi ya miaka kumi kazini na siwezi kukuahidi kwa niaba yake. Zote tatu zina kisimbaji cha video ndani yake, yaani kifaa cha kuharakisha kazi ya kutoa video, kitu ambacho kwa mtu wa harusi kina maana kuliko michezo yote. Ndiyo maana sikutajii RX 6400. Inavutia kwa wati zake 53, lakini AMD waliitoa bila kisimbaji, na inatumia njia nne tu za kupitisha data kwenye sloti ya PCIe, kwa hiyo kwenye mashine ya umri wa yako inapungua zaidi. Mtu wa video asiiguse.

Kadi yoyote utakayochukua, weka BIOS ya mwisho ya Dell kwanza, ile programu ya msingi inayoamsha mashine, ukiwa bado na mashine inayowaka vizuri. Kisha chomeka kadi kwenye sloti ndefu ya bluu. Ile ndefu nyeusi ina njia nne tu. Waya wa skrini uhamishie kwenye kadi.

Kujaribu usijaribu kwa kuangalia kama inawaka. Kuwaka si kazi, hata pawa saplai mbovu inawasha. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, uangalie mstari wa +12V, kisha washa FurMark, programu ya kuilemea kadi, na wakati huohuo toa video ndefu, uiache nusu saa. Volti 12 inaruhusiwa kushuka hadi 11.4, chini ya hapo pawa saplai imezidiwa. Namba za programu wakati mwingine zinadanganya, hivyo kama una multimita pima kwenye plagi ya Molex ambayo haijatumika, waya wa njano na mweusi, mzigo ukiwa unaendelea. Mashine ikizima ghafla kama imekatiwa umeme, au ikijiwasha upya kila video inapofika katikati, usianze kulaumu Windows wala draiva. Anza na pawa saplai.

Mwisho, UPS yako. Hukuitaja, ila kwa kazi ya video na umeme wetu nadhani unayo, na huenda ni ile ya VA 650. Hizo 650 si wati. Nyingi zinabeba wati 360 hadi 390. Mashine yenye RX 580 ikila 310 ndani, pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 85 inavuta kama 365 ukutani, na bado skrini haijahesabiwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi nzito, UPS itapiga kelele na kuzima hapohapo. Kwa njia ya GTX 1650 utabaki na dakika za kuhifadhi kazi. Ukienda na RX 580, weka bei ya UPS ya VA 1000 au 1200 kwenye hesabu yako tangu mwanzo, uone kama hiyo kadi bado ni ya bei ya kutupa.